Usanisinuru: Silabi si mofimu

Juma lililopita mjukuu wangu aliniletea daftari lililojaa wino mwekundu. "Babu, hebu ona, nimekosa wapi?" Swali lilikuwa: Tenga silabi za neno 'usanisinuru'. Alikuwa ameandika u-sa-ni-si-nu-ru. Mwalimu alikata, akaandika kando: u-sanisi-nuru.

Mtoto hakukosa. Aliyekosa ni msahihishaji, na kosa lenyewe nimelikuta hata kwa wanafunzi wangu wa chuo kikuu: kuchanganya silabi na mofimu.

Silabi ni pigo moja la sauti. Silabi nyingi za Kiswahili huishia kwa irabu, ndiyo maana neno hili lina silabi 6. Mofimu nayo ni kipashio kidogo kabisa chenye maana. Hapa zipo 3: u- ya kuundia nomino; shina sanisi, lenye dhana ya kuunganisha vitu ili kuunda kitu kipya; na nuru, yaani mwanga. Mwalimu alitoa jibu sahihi la swali ambalo hakuuliza!

Kuna suala la mkazo pia. Usanisi likiwa peke yake, mkazo huangukia ni. Ukiliunga na nuru, mkazo mkuu unahamia nu, silabi ya pili kutoka mwisho. Anayelisoma kwa mapigo mawili yenye uzito sawa bado analiona kuwa maneno mawili.

Tazama pia mpangilio. Wagiriki, waliotupa mashina ya photosynthesis, hutanguliza mwanga. Waundaji wa istilahi yetu waliuweka nyuma, kwa kuwa Kiswahili hutanguliza neno kuu. Husema mwanasheria, sijawahi kumsikia mtu akisema sheriamwana.

Wapo wanaolalamika kwamba istilahi zetu ni ndefu mno. Haya, tuhesabu. Photosynthesis lina herufi 14. Usanisinuru lina 11. Kwa silabi tumezidi moja tu, 6 kwa 5. Isitoshe, mtoto wetu nuru anaijua tangu nyumbani.

Ila mtoto anayekatwa alama kwa jibu sahihi ataliogopa neno, kisha aiogope sayansi yenyewe. Nimemshauri arudishe daftari kwa adabu na kuuliza: "Samahani mwalimu, ulitaka silabi au mofimu?"