Kuzoea Siyo Kushika Hatamu: Uhakiki wa Fikra Zetu juu ya Reli, Mashine na Mabadiliko huko Chita

Katika semina, hotuba na vitabu vingi vya maendeleo ya vijijini kuna fikra moja inayorudiwa: kwamba dunia inakwenda kasi, na kwamba mkulima hana budi kwenda na wakati. Fikra hii ina sura ya kimaendeleo, na ndiyo maana hukubaliwa bila kuulizwa. Lakini tukiichambua tunaona kwamba imekwepa swali la msingi. Nani anayeamua kasi hiyo? Na inakwenda kwa manufaa ya nani?

Tunakusudia kuihakiki fikra hiyo kwa kutazama mahali pamoja, yaani Chita katika bonde la Kilombero, na kwa kusoma upya kitabu kimoja kinachohusu watu wa ukanda huo. Kitabu hicho ni Africa's Freedom Railway cha Jamie Monson, kilichotolewa Marekani mwaka 2009. Ni kitabu cha historia ya reli ya TAZARA, na ni kitabu kizuri. Tunakihakiki kwa sababu ubora wake unatufikisha mahali ambapo hapana budi sisi wenyewe tuendelee na hoja.

Hali halisi ya Chita

Chita iko chini ya milima ya Udzungwa. Upande mmoja ni mlima, upande wa pili ni mbuga inayofurika maji ya mto Kilombero wakati wa masika. Kijana wa hapo aliyekuwa na umri wa miaka kumi na mitano wakati wa Azimio la Arusha mwaka 1967, leo ni mzee wa zaidi ya miaka sabini. Katika maisha yake ameona njia za miguu na mitumbwi. Ameona mafundi wa Kichina na vijana wa Kitanzania wakitandika reli. Ameona watu wakihamishiwa vijijini. Ameona mtambo wa umeme ukijengwa Kihansi, si mbali na kwake. Ameona mashamba makubwa ya mpunga ya Mngeta na ya Jeshi la Kujenga Taifa. Na sasa hupokea fedha kwa simu ya mkononi. Ni watu wachache duniani walioombwa kubeba mabadiliko mengi kiasi hicho katika umri mmoja.

Mtu anayesema kwamba mkulima wa Chita ni mgumu wa kubadilika hajui anachosema. Mkulima huyo amebadilika kila alipotakiwa, na mara nyingi amebadilika kabla ya kutakiwa. Kosa la fikra tunayoihakiki siyo tu kwamba inamdharau. Inamtaka awe hodari wa kuzoea, kisha inauita uzoefu huo maendeleo.

Kitabu na reli

Ni vizuri kukumbuka jinsi reli ilivyozaliwa. Baada ya walowezi wa Rhodesia kujitangazia uhuru wao wa haramu Novemba 1965, Zambia ilibanwa. Shaba yake ilipitia katika nchi za maadui wa Afrika. Nchi za Magharibi zilikataa kutoa fedha za reli ya kwenda Dar es Salaam, zikidai kwamba haitalipa. China ilikubali. Mkataba ulitiwa sahihi Beijing mwaka 1967, ujenzi ukaanza mwaka 1970, njia ikakamilika mwaka 1975, na mwaka 1976 reli yote ya kilomita 1,860 ikakabidhiwa kwa Tanzania na Zambia. Ilijengwa kwa mkopo usio na riba. Ulikuwa ushindi wa siasa dhidi ya mahesabu ya mabeberu, na hatuna sababu ya kuuonea haya.

Monson anaitambua historia hiyo, lakini hakomei kwenye ikulu na mikataba. Anashuka kwenye stesheni ndogo. Anawahoji waliofanya kazi ya ujenzi. Anaeleza jinsi watu walivyosogezwa kando ya njia katika vijiji vya ujamaa, ambavyo vilikuwa pia na kazi ya kuilinda reli dhidi ya hujuma. Zaidi ya hayo, anachukua stakabadhi za vifurushi vilivyosafirishwa kutoka stesheni hizo na kuzisoma kama kumbukumbu za uchumi wa wananchi. Hapo tunaona kwamba reli iliyojengwa kwa ajili ya shaba imekuwa pia reli ya mpunga, ya ndizi na ya kuku. Treni ya kawaida, ile inayosimama kila stesheni, imekuwa soko linalotembea.

Hili ni jambo kubwa. Wapangaji hawakuandika mahali popote kwamba mama wa kando ya reli atauza dirishani. Ameyafanya hayo mwenyewe. Kitabu kinawapa watu wa kawaida nafasi yao katika historia ya mashine kubwa, na kila kada anayetaka kuelewa vijiji vya Kilombero atafaidika kwa kukisoma.

Hata hivyo, tunadhani mkazo wake una upungufu. Kwa kuwa kinatazama zaidi jinsi watu wanavyojipatia riziki, msomaji anaweza kukifunga akiamini kwamba reli ilifaulu kwa sababu watu walijua kuitumia. Lakini kukitumia chombo siyo kukitawala. Kitabu chenyewe kina ushahidi wa jambo hili. Kinaeleza jinsi huduma ya treni ya kawaida ilivyotishiwa kupunguzwa kwa hoja za kibiashara, na jinsi watu wa kando ya reli walivyojibu kwa lugha ya ujenzi wa taifa, lugha ileile waliyofundishwa wakati reli ikijengwa. Swali letu ni hili: kwa nini ililazimu waombe? Reli ambayo waliilinda, na ambayo walihamishwa kwa ajili yake, haikuwa na kikao ambamo neno lao lilihesabiwa kabla ya ratiba kubadilishwa.

Tazama mwenendo wa mizigo. Mwishoni mwa miaka ya 1970 TAZARA ilibeba zaidi ya tani milioni moja kwa mwaka. Mwaka 2014/15 haikufika tani laki moja. Sababu ni nyingi. Zambia ilifungua tena njia ya kusini mwaka 1978. Ukombozi wa Zimbabwe na baadaye wa Afrika Kusini ukafungua njia nyingine. Barabara zikashindana na reli. Injini za kwanza zilitaabika kwenye mlima baina ya Mlimba na Makambako, zikaanza kubadilishwa katika miaka ya 1980 kwa injini kutoka Ujerumani. Na vipuri vikawa shida. Shaba ilipata njia nyingine. Gunia la mpunga la Chita halikuwa na njia nyingine, kwa sababu kwa miaka mingi barabara ya udongo ya Ifakara hadi Mlimba iliharibika kila masika. Aliyeitegemea reli zaidi ndiye aliyekuwa na sauti ndogo zaidi juu yake. Huo ndio ukinzani ambao neno "kuzoea" linauficha.

Mifano mingine mitatu

Wa kwanza ni Kihansi. Mtambo wa maji wa megawati 180 ulikamilika mwaka 2000. Maji yalipogeuzwa kuingia kwenye mtambo, unyevunyevu wa maporomoko ulipungua, na chura mdogo aliyegunduliwa korongoni humo mwaka 1996 akawa hatarini. Vyura karibu 500 walipelekwa Marekani wakahifadhiwe. Mwaka 2009 alitangazwa kuwa ametoweka porini. Mwaka 2010 baadhi walirudishwa Dar es Salaam. Na mwaka 2012 kazi ya kuwarudisha korongoni ilianza. Mabomba yalitandazwa yanyunyize maji mahali pa manyunyu ya asili. Hatuutaji mfano huu kumkejeli chura. Tunautaja kwa sababu unathibitisha kwamba mradi mkubwa unaweza kurekebishwa hata baada ya kujengwa, mradi awepo mtu mwenye nguvu aliyeandika hasara na kudai. Kwa wakulima wa bondeni, mtambo kuwa jirani haukuwa na maana ya taa nyumbani. Umeme ulikwenda kwenye gridi ya Taifa. Mahitaji yao hayakukosa ukweli. Yalikosa mahali pa kuandikwa.

Wa pili ni Mngeta, jirani na Chita. Shamba la huko, lenye hekta 5,818, lilianzishwa katika miaka ya 1980 kwa ubia na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Watu wa Korea, likaja mikononi mwa mamlaka ya bonde la Rufiji, na mwaka 2008 likaingia katika ubia na wawekezaji binafsi kutoka nje. Yapata miaka kumi baadaye kampuni hiyo ilishindwa kulipa mikopo. Mashine zilikuwa za kisasa. Lakini kila mara mwenye shamba alipobadilika, mkulima wa pembeni alipata habari baada ya uamuzi kwisha kufanywa.

Hapo hapo Mngeta kuna funzo la upande wa pili. Wakulima wadogo walifundishwa kilimo shadidi, mbinu iliyoanzia Madagaska katika miaka ya 1980. Miche hupandwa ikiwa michanga, mmoja mmoja, kwa nafasi ya sentimita 25 kwa 25, na maji huingizwa na kukaushwa kwa zamu. Mbinu hii haihitaji kumwamini mtaalamu kwa macho yaliyofumbwa. Mkulima huijaribu kwenye kona ya shamba, akalinganisha, akachukua kinachomfaa na kuacha kingine. Hapo mkulima ndiye mwamuzi wa kasi. Lakini hata hapa hapana budi tuwe macho: shamba lisilojaa maji huota magugu mengi, na katika kaya nyingi palizi ni kazi ya wanawake. Mbinu inayoongeza magunia ya kaya kwa kuongeza jasho la mtu mmoja katika kaya haijamaliza unyonyaji. Imeuhamishia ndani ya nyumba.

Wa tatu ni simu. Huduma ya kutuma fedha kwa simu ilianza nchini mwaka 2008, na vijiji viliipokea bila operesheni wala hamasa. Leo mkulima wa Chita anaweza kuijua bei ya mchele ya Dar es Salaam kabla dalali hajafika. Wapo wanaosema kwamba kwa sababu hiyo ulanguzi umekwisha. Hebu tuwaulize: gunia la lumbesa limekwisha? Mkulima mwenye deni la mbolea, asiye na ghala wala mizani, anauza gunia lililoshonewa kichwa, hata kama bei ya mjini ameisoma kwenye kioo cha simu. Simu imebadilisha habari anazozipata. Haijabadilisha uhusiano wake na mnunuzi. Uhusiano huo utabadilishwa na ushirika wenye ghala, mizani na mkopo.

Tujibu wapinzani

Watakuwepo watakaosema kwamba tunataka mkulima aikatae mashine. Sivyo. Hata wale wafumaji wa Uingereza waliovunja mashine kati ya mwaka 1811 na 1816 hawakukichukia chuma; waliona chuma hicho kikitumiwa na tajiri kushusha ujira wao. Jembe la mkono siyo utu wa Mwafrika, na hakuna mwanamapinduzi anayelililia. Mashine ya kuvunia mpunga inapoingia bondeni inaokoa mavuno na mvua. Lakini kibarua aliyeishi kwa mundu anakwenda wapi? Mashine hiyo ikiwa ya ushirika, jibu linaweza kupangwa. Ikiwa ya tajiri mmoja, jibu litakuwa ni kuambiwa azoee.

Wengine watasema kwamba mambo ya reli na mitambo ni ya kitaalamu mno kwa mkutano wa kijiji. Tunakubali kwamba upana wa reli na nguvu ya injini haviamuliwi kwa kunyoosha mikono. Lakini treni isimame wapi, siku gani, ibebe vifurushi kwa nauli gani, na ghala lijengwe kwanza au baadaye, hayo ni mambo ambayo mama muuza ndizi anayajua kuliko mhandisi.

Wajibu wa makada

Mwongozo wa TANU wa mwaka 1971 uliweka kipimo kilicho wazi: tendo linalowapa watu uwezo zaidi wa kuongoza mambo yao ni la maendeleo hata kabla halijaleta chakula zaidi, na linalowapunguzia uwezo huo siyo la maendeleo hata kama lina faida nyingine. Kipimo hicho hakijachakaa. Kinahitajika zaidi sasa kuliko wakati kilipoandikwa. Mwaka 2024 Tanzania, Zambia na China zilitia sahihi Beijing hati ya makubaliano ya kuifufua TAZARA. Tunaifurahia hatua hiyo. Lakini reli ikifufuliwa kwa ajili ya shaba peke yake, Chita itazoea kwa mara nyingine kutazama mabehewa yakipita.

Kwa hiyo, kada aliyeko katika tawi lolote la kando ya reli, na mwanafunzi anayejiandaa kwenda huko, waupime kila mradi mpya kwa maswali matatu. Kwanza, wanaouishi mradi wana kikao gani chenye uwezo wa kusema hapana, au bado? Pili, chombo kikiharibika, ni vijana wangapi wa hapo wanaojua kukitengeneza? Tatu, mwenye mradi akibadilika, mkulima anabaki na nini mkononi?

Kada asiridhike na taarifa inayosema kwamba wananchi wameupokea mradi vizuri. Watu wa Chita wamepokea vizuri mambo mengi. Taarifa ieleze wameamua nini, na uamuzi wao umetekelezwa na nani.