Sukari Inakwenda Wapi Mtoto Akiugua Malaria?

Mama anashuka kwenye bodaboda mbele ya hospitali ya Masafu, wilayani Busia upande wa Uganda, mtoto kamlegea begani. Yeye anataja homa. Muuguzi anatazama pumzi: kifua kinapanda na kushuka kwa kasi na kwa kina, kama cha mtu aliyekimbia kutoka mpakani, ilhali mapafu yakisikilizwa ni safi. Mtoto asiyeumwa mapafu anatweta kwa nini? Jibu liko kwenye sukari, nayo ni lazima tuifuate hatua kwa hatua.

Ugali wa wimbi na muhogo alioula jana ulisagwa tumboni ukawa glukosi, ikaingia kwenye damu. Ndani ya seli, vimeng'enya huikata glukosi moja vipande viwili, kwa hatua kumi zisizohitaji oksijeni. Mapato ni kidogo: molekuli 2 za ATP, kile ambacho seli hutumia kukaza msuli, kusukuma chumvi na kujenga protini. Seli yenye mitokondria haiishii hapo. Huviteketeza vile vipande kwa oksijeni mpaka vikawa kabonidayoksaidi na maji, na kwa glukosi ileile ikapata ATP zipatazo 30. Chembe nyekundu ya damu haina mitokondria. Hubeba oksijeni ya mwili mzima bila kuitumia yenyewe; inaishi kwa zile 2, na mabaki huyatoa kama asidi ya laktiki.

Njia hii fupi si ngeni Busia wala Tororo. Anayeketi na mrija wake kwenye chungu cha malwa, ambayo Wateso huiita ajono, anakunywa mabaki yake: hamira iliyokosa hewa hukata sukari ya kimea cha wimbi, hujichukulia ATP 2, na kinachobaki hukigeuza pombe.

Sasa aingie mgeni. Kimelea cha Plasmodium falciparum hujipenyeza ndani ya chembe nyekundu, na kwa muda wa saa 48 hivi hukua, hujigawa na kuipasua. Hakiweki akiba ya chakula, na nishati yake karibu yote huipata kwa njia ileile fupi. Matokeo yake, chembe iliyovamiwa hula glukosi makumi ya mara kuliko chembe nzima. Wengine huuona huu kuwa udhaifu wa kiumbe duni. Mimi siuoni hivyo. Kimelea kinaishi kwenye damu ambayo ini la mtoto huijaza sukari mchana na usiku. Anayekula kwenye ghala la mwenzake habani matumizi. Anachotaka ni kumaliza upesi na kuzaana.

Gharama inamwangukia mtoto, tena mara mbili. Chembe zilizovamiwa hunata kwenye kuta za mishipa midogo, damu ikakwama, na tishu za mtoto mwenyewe zikakosa oksijeni. Nazo hurudi kwenye njia fupi, zikaongeza asidi juu ya ile ya vimelea. Ini, ambalo kazi yake ni kuirudisha laktati kuwa glukosi, linalemewa. Damu ikichachuka, ubongo huyaamuru mapafu yatoe kabonidayoksaidi kwa wingi, maana kila inayotoka hupunguza asidi kidogo. Ndiyo ile pumzi aliyoiona muuguzi. Wakati huohuo sukari inashuka, na ikifika chini ya 2.2 mmol kwa lita Shirika la Afya Duniani huihesabu kuwa dalili ya malaria kali.

Namna kimelea kinavyolelewa nje ya mwili inaonyesha tabia yake vizuri. Mwaka 1976, William Trager na James Jensen wa Chuo Kikuu cha Rockefeller, New York, waliweka vyombo vya damu yenye vimelea ndani ya mtungi wa kioo, wakawasha mshumaa humo, kisha wakafunika. Mshumaa ulipozimika, hewa iliyobaki ilikuwa na oksijeni pungufu na kabonidayoksaidi nyingi. Vimelea vikastawi.

Ufundi uliotokana na mtungi ule ndio umeziwezesha taasisi ya utafiti ya IDRC ya Kampala na Chuo Kikuu cha California, San Francisco, kupima Tororo kama dawa zinaviua vimelea vilivyo kwenye damu ya wagonjwa wa Masafu. Chembe nyeupe huondolewa, nyekundu huoshwa, kisha damu huzimuliwa mpaka katika chembe 1,000 ziwe 2 tu zenye kimelea. Hugawiwa kwenye visima vidogo vya sahani ya plastiki, kila kimoja na kiwango chake cha dawa, chini ya hewa yenye oksijeni asilimia 5 tu. Baada ya saa 72 hutiwa rangi ya SYBR Green, inayong'aa ikishika DNA. Hapa pana werevu ninaoupenda: chembe nyekundu iliyokomaa haina kiini, kwa hiyo DNA inayong'aa ni ya kimelea. Kisima kikibaki na giza, dawa imefanya kazi.

Wodini, chaguo la dawa nalo linagusa sukari. Kwinini huichochea kongosho itoe insulini, ikashusha glukosi ambayo tayari inaliwa. Utafiti wa AQUAMAT wa mwaka 2010, uliohusisha watoto 5,425 katika nchi 9 za Afrika, Uganda, Kenya na Tanzania zikiwemo, ulionyesha kwamba walifariki asilimia 10.9 ya waliopewa kwinini, na asilimia 8.5 ya waliopewa atesunati. Sukari pia ilishuka kwa watoto wachache zaidi kwa atesunati.

Lakini atesunati haimlishi mtoto. Kila aliyepoteza fahamu au kushikwa na degedege atobolewe kidole na kupimwa sukari hapohapo. Ikiwa chini, apewe dekstrosi ya asilimia 10 mshipani, mililita 5 kwa kila kilo. Mshipa usipopatikana, kijiko kimoja cha chai cha sukari ya kawaida, iliyoloweshwa kwa matone ya maji, huwekwa chini ya ulimi huku mshipa ukiendelea kutafutwa, kisha kidole kinatobolewa tena.