Sekunde Tatu za Panya Buku

Mjini Dar es Salaam panya buku hana mtetezi. Kariakoo anajulikana kwa kupita usiku, maduka ya Mtaa wa Kongo yakishafungwa, akifuata mabaki ya matunda mitaroni; akionekana, anarushiwa kiatu. Panya wa aina hiyo, akilelewa na watu wanaoijua kazi, ndiye anayepewa makohozi kutoka vituo vya afya vya jiji hili ayanuse na kuonyesha palipo na kifua kikuu. Watu humsifu panya, na anastahili. Mimi nataka kumsifu mwalimu wake.

Shule yake iko Morogoro, kilomita kama 190 kutoka Dar, kwenye Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo. Hapo ndipo APOPO, shirika lililoanzishwa na Mbelgiji Bart Weetjens, liliweka kambi mwaka 2000. Lilianza na panya wa kunusa mabomu ya ardhini, makohozi yakafuata. Chombo cha kufundishia ni klika: kidude cha plastiki kinachoenea kiganjani, chenye kibati ndani. Ukikibonyeza kinatoa mlio mmoja mkavu, basi.

Ufundi huu ulianzia Marekani miaka ya 1940 kwa Keller na Marian Breland, wanafunzi wa mwanasaikolojia B. F. Skinner. Baadaye Karen Pryor, aliyekuwa akifundisha pomboo, akaueneza kwa wafugaji wa mbwa. Leo baadhi ya mbwa wa maonyesho ya Ulaya na Marekani hufundishwa kwa mlio huo kusimama mbele ya mwamuzi, miguu minne imekaa sawa na kichwa kiko juu, bila kushikwa na mtu. Panya wa Morogoro naye anafundishwa kutulia, ila kutulia kwake ndiyo kauli yake.

Kwa nini mlio, wakati kuna ndizi? Kwa sababu ndizi huchelewa. Mpaka imfikie mdomoni, mnyama ameshageuza kichwa, naye atadhani amelipwa kwa kugeuka. Klika inalidaka tendo lenyewe likiwa bado linatendeka. Hata sauti ya mtu haifai sana: jana mwalimu alikuwa na furaha, leo amechoka, na mnyama anayasikia yote hayo. Klika ya jana na ya leo ni ileile.

Mtoto wa panya huanza kwa kubebwa na kuzoeshwa watu na kelele, macho yakiwa ndiyo kwanza yamefunguka. Kisha anajifunza kwamba mlio ukisikika, chakula kinakuja. Halafu anapewa tundu lenye harufu inayotakiwa. Akiingiza pua, mlio. Baadaye matundu yanaongezwa, na muda wa kuituliza pua unarefushwa kidogo kidogo mpaka ufike sekunde 3. Hapa ndipo fundi anapojulikana. Akibonyeza mapema, amemfundisha panya kuondoka mapema. Akidai mengi kwa haraka, panya anakata tamaa na kuanza kuparua ukuta. Mafunzo yote huchukua takriban miezi 9, na sijui njia ya mkato.

Siku ya kazi, makohozi yaliyokwisha kupashwa moto ili kuua vijidudu hupangwa chini ya matundu ya kizimba. Panya anapita: pua ndani, pua nje, la kwanza, la pili, la tatu. Ghafla anaganda. Masharubu yanatetemeka, mwili hausogei. Klika inalia, naye anakimbilia pembeni kulamba rojo la ndizi kwenye ncha ya bomba la sindano. Sampuli 100 zinamchukua kama dakika 20. Mtaalamu wa maabara mwenye hadubini anaweza kutumia siku 4.

Ninachokiheshimu kuliko vyote ni ukimya wa mwalimu. Katika safu ile kuna sampuli ambazo maabara imeshathibitisha kuwa zina ugonjwa, na ni hizo tu zinazoliziwa klika. Panya akigandia sampuli isiyojulikana, mwalimu anaandika namba yake, mkono umetulia. Akianza kulipa kwa kubahatisha, atamfundisha panya kugandia chochote ili apate ndizi, na kazi ya miezi itaharibika. Panya wa mabomu Magawa, aliyezaliwa Morogoro mwaka 2013 na kunusa mabomu uwanja baada ya uwanja huko Kambodia, alipovishwa medali ya dhahabu ya PDSA, shirika la wanyama la Uingereza, mwaka 2020, mimi niliiona mikono ya walimu wake yenye subira.

Sampuli iliyoandikwa namba hurudishwa maabara kupimwa upya. Ikithibitika, kazi inahamia kwa watu kama wale wa MUKIKUTE, kikundi cha kupambana na kifua kikuu cha Temeke, wengi wao wakiwa wamewahi kuugua wenyewe. Wanaingia mitaani kumtafuta mtu aliyeambiwa kituoni kwamba hana kitu, akarudi kwenye chumba anacholala na wenzake huku anakohoa. Wakimpata, wanamweleza kwamba majibu yamebadilika, na wanamsindikiza kituoni aanze dawa zake za miezi 6.