A1 ni nini? Inategemea imekaa wapi

Kama umewahi kufungua taa ya sola iliyogoma, unajua kinachofuata. Unakuta kidude kidogo kama punje ya mchele, unasoma herufi mbili tatu mgongoni mwake, unatoa simu, unatafuta kwenye orodha ya alama, unapata jina. Orodha hizi ndizo kitabu cha kiada cha mafundi wengi sasa. Mimi nina ugomvi nazo.

Ulianzia Busisi, kwenye meza ya fundi mmoja. Tangu daraja la kwenda Kigongo lifunguliwe Juni 2025 hakuna tena foleni ya kivuko, na wateja wake wakubwa sasa ni wavuvi wa dagaa. Karabai wamezipa kisogo. Wanavulia taa za LED zenye betri ya lithiamu. Taa ikifa, usiku huo hakuna dagaa.

Kwenye bodi kulikuwa na kidude cha miguu mitatu, kimeandikwa A1. "Simu imesema diodi pacha, mdogo wangu," akaniambia. Akabandua, akaweka diodi pacha. Taa kimya.

Orodha haikudanganya. A1 kweli ni alama ya diodi pacha BAW56. Ila mosfeti ya 2301, yenye umbo lilelile, huandikwa A1SHB, na hii ya kwetu mkia wake ulikuwa umefutika. Kumbe bodi yenyewe ilikuwa inasema: mguu mmoja umeungana na chanya ya betri, wa pili unakwenda kwenye balbu, wa tatu una rezista inayourudisha kwenye chanya. Hiyo ni swichi. Diodi pacha ingefanya nini hapo? Orodha inakupa jina bila anwani, na kwenye saketi anwani ndiyo yenye habari.

Kosa la pili ni ushauri unaoambatana nazo: pima, linganisha, kikitofautiana badilisha. Rezista iliyoandikwa 103 ni ya omu 10,000. Ukiipima ikiwa bado kwenye bodi ukapata 4,000, usiihukumu. Mkondo wa mita umepata njia nyingine pembeni, na njia za sambamba hushusha kipimo. Lakini ukipata 40,000, huku betri imetolewa na kapasita zimeshatulia, hiyo imekufa, kwa sababu njia za pembeni haziwezi kupandisha. Sijaona orodha inayosema hilo, na lingeokoa rezista nyingi zinazobanduliwa bure!

Kwa rezista na diodi za kawaida orodha zinasaidia, sikatai. Zinapokwama kabisa ni pale kiwanda kinapokwangua jina la chipu makusudi. Bodi ya pili mezani ilikuwa hivyo: chipu ya miguu minane, mgongo mweupe, haichaji. Tukafuata njia kwa mita. Mguu wa 3 hasi, wa 4 chanya ya paneli, wa 5 chanya ya betri, wa 2 unashuka kwenye hasi kupitia rezista ya omu 1,200. Mpangilio huo ni wa TP4056, chipu ya kuchaji, na rezista hiyo ndiyo inayoiamuru itoe ampea 1. Jina tulilipata bila kusoma herufi hata moja.

Kabla ya hapo fundi alitaka kuiruka chipu kwa kuweka diodi moja kutoka paneli hadi betri. Taa ingewaka, na mteja angeshukuru. Ila chipu ile hukoma kuchaji betri ikifika volti 4.2, diodi haikomi. Paneli ya volti 6 ingeendelea kusukuma jua la mchana kutwa, na betri ya namna hiyo huvimba, wakati mwingine hushika moto. Taa hizo hulala ndani ya mtumbwi, au chini ya kitanda.

Mosfeti ya taa ya kwanza tuliitoa kwenye bodi mbovu iliyokuwa kwenye ndoo. Hiyo nayo ilikuwa imeandikwa A1 tu.