Bajeti ya Pamoja: Nani Atoe, Nani Agawiwe, Nani Alipe

Katika tafsiri nyingi za hati za fedha tumekutana na maneno "fedha za kufufua uchumi wa kanda", yakiandikwa kana kwamba maana yake ni dhahiri kwa kila msomaji. Neno kufufua halitusumbui. Limekwisha zoeleka tangu Mpango wa Kufufua Uchumi wa 1986. Linalotutia shaka ni kanda, na zaidi ya hilo, majina wanayopewa wanaotoa na wanaopokea.

Tuchukue Karema, mkoani Katavi. Bandari yake katika Ziwa Tanganyika ilijengwa kwa fedha za umma za Tanzania, yapata shilingi bilioni 48, lakini ilikusudiwa kupitisha shehena za Kongo ng'ambo ya ziwa, nchi iliyojiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022. Mfasiri akiandika kwamba bandari hiyo inahudumia "uchumi wa kanda", diwani wa Karema ataelewa magharibi ya Tanzania. Ofisa wa Arusha ataelewa Jumuiya nzima. Hakuna aliyekosea, na hapo ndipo ulipo ubaya, kwani swali la nani alipe hufuata jibu hilo. Twapendekeza kanda ibaki kwa sehemu ya nchi. Ikikusudiwa Jumuiya, itajwe Jumuiya.

Mchango nao hauna budi kutengwa na mgao. Mkataba wa 1999, ibara ya 132, uliweka kanuni ya michango sawa ya nchi wanachama. Wako wanaosoma humo ahadi ya kupata sawa, nayo haimo. Jumuiya ya kwanza, iliyoanza 1967 na kuvunjika 1977, ililijua jambo hili vyema: katika Benki ya Maendeleo ya Afrika Mashariki nchi tatu zilitoa mtaji sawa, lakini uwekezaji ulipangwa kuwa asilimia 38.75 kwa Tanzania, 38.75 kwa Uganda na 22.5 tu kwa Kenya, iliyokuwa imetangulia kwa viwanda. Kutolingana huko kulikusudiwa. (Wanaodai kwamba mchango ni hiari tupu hawajapata kukutana na mtendaji wa kijiji.)

Neno baya kuliko yote ni msaada. Mwaka 2020 Umoja wa Ulaya ulikubaliana kukopa kwa pamoja euro bilioni 750 za kuinua uchumi baada ya korona: bilioni 390 zikiwa ruzuku kwa nchi wanachama, bilioni 360 mikopo. Mfasiri anayeziita zote msaada amefuta deni kwa kalamu yake. Nchi iliyopokea ruzuku hairudishi ilichopewa, ijapokuwa huchangia kulipa deni la wote. Iliyopokea mkopo hurudisha wenyewe.

Kwa Karema, basi, sentensi ingesomeka hivi: "Bandari imejengwa kwa bajeti ya Tanzania kwa manufaa ya mkoa na ya Jumuiya." Siku Jumuiya itakapotoa fedha, mfasiri aseme kama ni ruzuku au mkopo.