Uanagenzi Juu ya Mitumbwi Mitatu

Chombo cha kuvulia samaki aitwaye sambaza katika Ziwa Kivu ni mitumbwi mitatu iliyofungwa pamoja kwa miti ya mkaratusi. Mbele na nyuma imechomoza miti mingine, mirefu na myembamba, iliyopinda kidogo kuelekea majini. Hiyo ndiyo inayobeba wavu. Chombo hiki hakina tanga. Kinakwenda kwa makasia, na makasia yanakwenda kwa wimbo. Mchana vyombo hulala katika ghuba ya Rubona, kusini kidogo ya mji wa Gisenyi nchini Rwanda. Jua likielekea kuzama nyuma ya milima ya Kongo hutoka kimoja kimoja, na walioko ufukweni huvisikia kabla ya kuviona vizuri. Ufundi wa kuviendesha hurithishwa kwa mwili na kwa sikio, na unastahili heshima kubwa kuliko ile ya mgeni anayepiga picha machweo kisha akaenda zake.

Samaki mwenyewe ni mhamiaji. Volkano za Virunga zilipoziba bonde la kale, maji yaliyokuwa yakielekea kaskazini yalizuiwa, na Kivu likabaki na aina chache za samaki. Leo maji yake hutoka kusini kwa Mto Ruzizi hadi Ziwa Tanganyika. Sehemu ya wazi ya ziwa, mbali na kingo, ilikuwa na planktoni tele bila samaki wa kuila. Mwishoni mwa miaka ya 1950, chini ya utawala wa Wabelgiji, vifaranga vilichukuliwa kutoka ziwa hilo vikaachiliwa Kivu, na sambaza akazaliana. Miaka ishirini hivi baadaye, mradi wa Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa uliokuwa na makao Gisenyi ulieneza uvuvi wa taa na wavu wa kuinua. Kwa hiyo wavu huo na taa hiyo havijamaliza umri wa mzee mmoja. Kasia na wimbo ni vya zamani zaidi. Fasihi simulizi ya Rwanda inao utanzu mzima wa nyimbo za wapiga kasia, amasare, na ndio uliopanda juu ya chombo kipya ukakifanya kuwa cha wenyeji.

Mwanagenzi huanza kwa miguu. Kabla ya kushika kasia lazima aweze kutembea peku juu ya miti inayounganisha mitumbwi, usiku, miti ikiwa imelowa, huku kila mtumbwi ukipanda na kushuka kwa wimbi lake. Mtumbwi wa kati umetulia zaidi, na huko ndiko mgeni anapowekwa. Anayejikaza huanguka, anayelegeza magoti hubaki amesimama. Hakuna maelezo yanayoweza kumpa mtu jambo hilo. Hulipata siku mwili unapoacha kupigana na maji, na siku hiyo wenzake huijua kabla yake mwenyewe. Ziwa hili halina mamba wala viboko, hivyo kuanguka ni aibu zaidi kuliko hatari kwa anayejua kuogelea, lakini kingo zake hushuka ghafla, na hatua chache tu kutoka mchangani miguu haina tena pa kukanyaga.

Kasia hufuata. Kosa la kila anayeanza ni nguvu: huchota maji kwa mikono, huchoka mapema, na kasia lake hugongana na la mwenzake. Waliokomaa huvuta kwa mgongo na kiuno, wakilitia kasia karibu na ubavu wa mtumbwi na kulitoa bila kurusha tone. Mitumbwi mitatu iliyofungwa pamoja haisamehe mtu mmoja anayevuta peke yake. Upande mmoja ukizidi, chombo chote hugeuza uso, na lazima upande wa pili ulipe.

Hapo ndipo wimbo unapoingia, na hapo ndipo ufundi wote ulipo. Kiongozi mmoja hutoa ubeti, wengine huitikia. Baina yao hupenya miluzi inayokata mdundo na kuusukuma mbele. Msikilizaji wa ufukweni hudhani ni burudani ya watu waliochoka na maisha ya usiku. Sivyo. Wimbo ndio usukani wa pili wa chombo. Kiitikio huangukia wakati kasia limo majini, kwa kuwa sauti inayotoka kwa nguvu hukaza tumbo, na tumbo lililokaza ndilo linalovuta. Pumzi huingia kasia likiwa hewani, kiongozi anapotoa ubeti. Kwa mpango huo wapiga kasia hawapumui ovyo, na wanaweza kwenda mbali kuliko watu wenye misuli minene wanaovuta kimya kimya.

Kiongozi haimbi akiwa amefumba macho. Hutazama mabega. Akiona upande wa kushoto umelegea, hurefusha ubeti ili wapate nafasi ya kupumua. Akiona wimbi linakuja ubavuni, huukata katikati, na kiitikio cha ghafla huwafanya wote wavute pamoja wakati uleule chombo kinapohitaji kuvutwa. Amri ya kelele ingewashtua. Ubeti huwafikia wakiwa tayari ndani ya mdundo. Maneno yenyewe yana uhuru mkubwa: sifa za chombo, mzaha kwa mvivu asiyetajwa jina lakini akajulikana na wote, kumbukumbu ya aliyetangulia mbele ya haki. Rubavu, iliko Gisenyi, ni wilaya ya mpakani, na mji wa Goma wa Kongo uko hatua chache tu ng'ambo ya kizuizi, kwa hiyo Kinyarwanda na Kiswahili huishi pamoja katika vinywa vya watu wa ufukwe huu bila kuombana ruhusa.

Mwanagenzi hapewi ubeti. Huitikia kwa sauti ya chini kwanza, akisikiliza, kwa sababu kiitikio kilichochelewa kidogo tu ni kasia lililochelewa. Muda huo wa kuitikia bila kuongoza ni mrefu, na vijana wengi huuona kama kunyimwa haki. Kumbe ndio shule yenyewe. Anayepewa kuongoza kabla ya sikio lake kukomaa huimba vizuri na kuendesha vibaya.

Upepo hujifunzwa polepole kuliko yote. Gisenyi iko kwenye kichwa cha kaskazini cha ziwa lenye urefu wa karibu kilomita 90. Upepo wa kusini wa kiangazi, kati ya Juni na Septemba, huyasukuma mawimbi kwa masafa marefu kabla hayajapiga hapa. Upepo huohuo huchanganya maji ya juu na kuinua rutuba, na planktoni ikiongezeka samaki naye hupata kula. Ndiyo maana mvuvi hauchukii upepo unaomchosha. Usiku hewa baridi hushuka kutoka milimani kuelekea ziwani, na mwenye uzoefu huitumia kutoka. Wakati wa mvua hali ni nyingine: milima ya mashariki ya Kongo ni miongoni mwa sehemu zenye radi nyingi kabisa duniani, na chombo chenye miti mirefu katikati ya maji si mahali pa kumpata mtu radi ikianza. Mzee wa chombo husoma mawingu juu ya milima hiyo na kuamua kama wimbo wa usiku huo utaanza au la. Uamuzi wa kubaki nchi kavu, watoto wakiwa na njaa, ni sehemu ya ufundi kama ulivyo ufundi wa kasia.

Taa na wavu vina kanuni fupi zaidi. Mchana sambaza hushuka, lakini hawezi kwenda chini sana, kwa kuwa chini ya kina cha mita 60 hivi maji ya Kivu hayana oksijeni. Yamejaa gesi za kaboni dioksidi na methani. Methani hiyo ilianza kuvunwa hapohapo Rubona mwaka 1963 kwa ajili ya kiwanda cha bia. Usiku sambaza hupanda kufuata planktoni, na taa humkusanya. Zamani ilikuwa karabai, leo ni taa za betri na za nishati ya jua. Giza ndilo soko: mbalamwezi ikiwa pevu, mwanga wa taa hupotea ndani ya mwanga mkubwa zaidi na safari huwa hasara. Wavu hushushwa chini ya mitumbwi, watu hungoja, kisha huinuliwa pembe zote kwa pamoja. Hapa pia kuna wimbo, mfupi na wa haraka, maana pembe moja ikichelewa samaki humwagika kupitia hapo. Kungoja ndiko kunakowashinda wanaoanza. Mtu asiyezoea huomba wavu uinuliwe mara samaki wa kwanza wanapomeremeta, na wakongwe humwacha aombe.

Ujuzi wa maji hufunzwa kwa njia nyingine pia: pwani ya Bahari ya Hindi, huko Paje kisiwani Unguja, wageni hulipa kufundishwa kupanda ubao unaovutwa na tiara, na mitindo mipya ya ubao unaoinuka juu ya maji imeenea duniani. Michezo hiyo nayo inadai magoti malegevu na jicho la upepo, na wanaoipenda hawastahili kudharauliwa. Lakini hufunzwa mtu mmoja mmoja, kwa kozi yenye mwanzo na mwisho. Uanagenzi wa Kivu hauna cheti, na hauwezi kufanywa na mtu peke yake hata angekuwa na fedha kiasi gani.

Ufundi huu umekwisha kuvunjwa mara moja. Mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi ya 1994, na umati wa wakimbizi uliopita Gisenyi kuelekea Goma mwezi Julai mwaka huo, viliondoa watu ambao hawakuwa wameandika lolote kwa kuwa hapakuwa na haja ya kuandika. Waliobaki waliusuka upya. Kinachoumomonyoa leo hakina ukatili huo, na kwa sababu hiyo hakimshtui mtu. Nyavu haramu zenye matundu madogo mno, ambazo wenyeji huziita kaningini, huzoa vifaranga karibu na kingo, na anayezitumia hahitaji kujua kuimba, kupiga kasia wala kusoma mwezi. Simu inaweza kupiga muziki usiku kucha, lakini mdundo wake hautazami mabega ya mtu. Wimbo nao umegeuzwa kuwa maonyesho: mtalii hupelekwa kwa boti ya injini kusikiliza kwa muda, na yeye hutaka sehemu inayovutia, si ubeti mrefu wa kupumzisha upande uliochoka. Kuwalipa waimbaji si kosa. Kosa ni kuuona wimbo kama pambo lililoongezwa juu ya kazi.

Kila mwaka uvuvi wa Kivu upande wa Rwanda husimamishwa kwa takriban miezi miwili ili samaki wazaliane. Amri hiyo ni ya haki, na wavuvi wenye busara huitetea. Ni majira ya kushona nyavu, kubadilisha miti iliyooza na kukaza kamba, na mengi hufunzwa kwa mikono wakati huo. Ni majira pia ambayo kijana hutafuta riziki kwingine, kwenye pikipiki ya abiria au kwenye biashara ndogo ya mpakani, na asione tena sababu ya kurudi kuitikia kwa sauti ya chini. Anayebaki hufundishwa mafundo, matundu ya wavu na maneno ya nyimbo za kwenda. Wimbo wa kurudi hauwezi kufunzwa nchi kavu, kwa kuwa mwendo wake hutokana na uzito wa samaki ndani ya mitumbwi. Na misimu ya mitumbwi mitupu ikizidi, huo ndio utakaotangulia kusahaulika.