Theluji ya Kibo na Kipimo cha Khabari

Wanafunzi wetu wa hapa Moshi wanapoandika historia ya Uislamu Uchaggani hukutana na mtihani: maandishi mengi ya mwanzo ni ya wamishionari. Wapo wanaoyatupa yote, kwa hoja kwamba mpokezi si Mwislamu. Hoja hiyo hatuikubali, na theluji ya Kibo iliyo juu ya vichwa vyetu inatosha kutueleza kwa nini.

Tarehe 11 Mei 1848 Johannes Rebmann, mmishionari Mjerumani aliyekaa Rabai, aliona weupe kileleni. Kiongozi wake wa njia, Bwana Kheri, Mwislamu wa Pwani, aliuita baridi. Rebmann akaandika kuwa ni theluji, na mwaka 1849 mwenzake Krapf akaiona pia. Huko London, William Desborough Cooley, ambaye hakuwahi kukanyaga nchi hizi, akakanusha katika kitabu chake Inner Africa Laid Open cha mwaka 1852.

Tuwe waadilifu: Cooley hakuwa mjinga. Alilinganisha vitabu vya Wareno na maelezo ya wasafiri, na huo ni utafiti. Kosa lake ni kuitanguliza kiyasi yake mbele ya shahidi wa macho. Wanazuoni wa Usul wana kanuni mashuhuri kwamba mwenye kuthibitisha hutangulizwa juu ya mwenye kukanusha, kwani ana ziada ya elimu. Mwaka 1862 Baron von der Decken alipanda mlima kupita mita 4,000, naye akaithibitisha theluji.

Ni kweli, muhaddithi asingepokea hadithi kwa Rebmann. Uislamu, uadilifu na dhabti ni masharti ya mpokezi, na hadithi ni dini. Lakini khabari ya mlima, ya njia au ya Mangi fulani ina kipimo kingine. Je, msimulizi alikuwepo? Alifahamu lugha? Ana maslahi gani katika analosema? Rebmann akisimulia theluji hatumuoni na maslahi makubwa. Akisimulia itikadi za Waislamu aliokutana nao anayo, na hapo tutamkagua neno kwa neno. Sura Al-Hujurat, aya ya 6, imetuamrisha kuchunguza khabari hata ikiletwa na fasiki. Haikusema itupwe.

Na shajara za Rebmann tukizitupa, tunamtupa pamoja nazo Bwana Kheri, Mwislamu aliyeijua njia ya Uchaggani kabla ya Rebmann, na ambaye sisi wenyewe hatukumwandika.